Msitu mdogo nyuma ya shule

Mwezi wa Januari 2025 ulituletea habari mbili juu ya nchi ileile. Katikati ya mwezi serikali ya Kinshasa ilitia sahihi amri ya kuanzisha Korido ya Kijani Kivu–Kinshasa, eneo la kuhifadhiwa la zaidi ya kilometa za mraba 540,000, kutoka milima yetu kuelekea mji mkuu. Habari hiyo ilitangazwa Davos, mbele ya wakubwa wa dunia. Siku chache baadaye mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23, na katikati ya Februari Bukavu pia. Hiyo ya pili hatukuhitaji kutangaziwa. Tuliisikia wenyewe usiku, tukiwa tumelala sakafuni pamoja na watoto.

Februari hiyohiyo UNICEF ilisema kwamba shule na mahali pa kujifunzia zaidi ya 2,500 palikuwa pamefungwa katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Shule nyingi zimefungua milango tena tangu hapo, kila moja kwa namna yake. Kuna zilizokuta paa limetoboka. Kuna zilizokuta madawati yamekwisha, kwa sababu familia zilizokimbilia humo hazikuwa na kuni za kupikia, na dawati kavu huwaka vizuri. Walimu wamerudi ubaoni huku mabenki yakiwa yamefungwa na mishahara ikipita njia za taabu.

Katikati ya haya yote tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo linaweza kuonekana kuwa la anasa: kuwatoa watoto wa shule ya msingi darasani, mara moja kwa juma, wakajifunze chini ya miti. Tumelizungumza na walimu kadhaa na baadhi yao walicheka. Mmoja alituambia kwamba watoto wake wanasoma nje kila siku, maana bati lote limeliwa na risasi. Tulicheka naye. Lakini tulipoendelea kuongea, yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba jambo hili si dogo.

Wazo lenyewe lina historia yake ng'ambo. Huko Denmark, tangu miaka ya 1950, ziko shule za watoto wadogo wanaoshinda msituni, mvua inyeshe isinyeshe. Waingereza waliona huko, wakalichukua katika miaka ya 1990, na leo shule nyingi za msingi kwao zina siku ya msitu. Wajerumani wana chekechea nyingi za namna hiyo. Sababu yao ni ya kweli: mtoto wao amefungiwa ndani ya nyumba, anakaa mbele ya skrini, haujui udongo. Sababu hiyo si yetu. Mtoto wa Masisi au wa Walungu hahitaji mwalimu wa kumjulisha na matope. Tukiiga njia ya wenzetu bila kuuliza swali letu wenyewe, tutakuwa tumenunua dawa ya ugonjwa wa jirani.

Swali letu ni lingine. Mtoto wetu anaujua msitu, tena mapema mno, lakini anaujuaje?

Anaujua kama kazi. Kabla ya kengele ya asubuhi amekwisha kwenda kutafuta kuni, au amechota maji kwenye chemchemi iliyo chini ya kilima. Anajua mti upi unatoa moshi mwingi na upi unawaka ukiwa mbichi. Anajua majani ambayo bibi huchemsha kwa ajili ya kikohozi. Haya yote anayajua kwa Kinande, kwa Kihunde, kwa Mashi, kwa Kilega, kwa Kilendu. Kisha anaingia darasani, na mwalimu anachora mti ubaoni: mizizi, shina, matawi, majani. Majina yanaandikwa kwa Kifaransa, watoto wanayaimba pamoja mara tatu, wanayanakili kwenye daftari. Mti wenyewe umesimama mita kumi kutoka dirishani. Hakuna aliyeutazama. Na hakuna aliyemwuliza mtoto yeye anajua nini.

Anaujua pia kama hofu. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, kuna kizazi kizima ambacho kumbukumbu yake ya kwanza ya msitu ni kulala ndani yake usiku, mkono wa mama ukiwa mdomoni ili asilie. Wengine baba yao alikwenda shambani ukingoni mwa msitu na hakurudi. Sikilizeni hata lugha yetu. Tukisema kijana fulani "ameingia porini", hakuna anayefikiri kwamba amekwenda kutafuta uyoga. Maana yake ameshika silaha. Neno lenyewe tumeliacha mikononi mwa wenye bunduki.

Na anaujua kama makala. Karibu kila jiko la Goma, la Bukavu, la Butembo na la Bunia linawaka kwa makala, na makala ni msitu uliofungwa ndani ya gunia. Hatusemi hivyo kwa kuwahukumu wamama wanaoyauza kando ya barabara. Wengi wao ni washirika wetu na ada za shule zimelipwa kwa magunia hayo. Tunasema tu kwamba kwa mtoto wa mjini, mti ni kitu ambacho tayari kimekwisha kuwa cheusi.

Hivyo mtoto ana ujuzi mwingi wa msitu, lakini hana hata saa moja ya kukaa chini ya miti kwa utulivu, bila mzigo kichwani na bila kusikiliza kama kuna mtu anakuja. Saa hiyo ndiyo shule inaweza kumpa. Hatujaona mahali pengine atakapoipata.

Lazima tuseme pia kwa nini hatuzungumzii misitu mikubwa. Mwaka 2025 Virunga ilitimiza miaka 100 tangu ilipoanzishwa mwaka 1925, na tangu mwaka 1994 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kahuzi-Biega iko kwenye orodha hiyo tangu mwaka 1997. Watu wanaoishi ukingoni mwa mbuga hizo wanazijua kama mahali pa kukamatwa na walinzi, au pa kukutana na makundi yenye silaha, au yote mawili kwa siku moja. Hakuna direkta mwenye akili atakayepeleka darasa la tatu huko leo. Msitu mkubwa umefungwa na sheria upande mmoja na bunduki upande mwingine. Tunaloweza ni lile shamba la miti nyuma ya shule, hata kama ni nusu hekta. Hata kama ni miti kumi na miwili.

Ili tusibaki hewani, tueleze somo moja. Tunalieleza kwa sababu ya Kalehe.

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, siku ya soko kule Nyamukubi, mvua ilinyesha milimani na mito ikashuka na mawe, udongo na miti iliyong'oka, ikapita juu ya Nyamukubi na Bushushu. Waliozikwa walipita 400, na wengine hawakuonekana kamwe. Kanisani tuliomba, tulichanga nguo na unga, tuliimba kwenye mazishi. Mahubiri mengine yalisema ni adhabu. Sisi tunaamini kwamba kabla ya kumsingizia Mungu, tungetazama kwanza mteremko. Mvua ile ilikuwa kubwa na milima ile ni mikali. Hata msitu mzima usingezuia kila kitu. Lakini mteremko usio na miti haukamati maji, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuliona hilo kwa macho yake kwa dakika ishirini.

Chukua bidoni mbili za manjano zilizotoboka, zisizofaa tena kwa maji. Zikate kwa urefu upande wa juu, ziwe kama mitumbwi miwili. Ya kwanza ijaze udongo uliochukuliwa chini ya miti, pamoja na majani yake yaliyooza na mizizi midogo. Ya pili ijaze udongo wa njiani, mtupu. Ziweke kwenye kijiteremko, midomo ikitazama chini, na kila moja iwekewe kopo la kukingia. Sasa watoto wawili wamimine maji kwa pamoja, kiasi kilekile, polepole kama mvua. Waache watoto wenyewe waseme wanachokiona. Kwenye kopo la kwanza maji yanachelewa, yanatoka machache, karibu safi. Kwenye la pili yanatoka mbio, mekundu, na udongo umo ndani yake. Mwalimu asiseme neno mpaka wamenyamaza wao. Kisha aulize: shamba la nani liko juu ya nyumba ya nani hapa kwetu?

Hilo ni somo la sayansi, ni jiografia, na ni hesabu kama wakipima maji ya kila kopo. Halikugharimu kitu.

Mengine yako mengi. Darasa la tano linaweza kupima urefu wa mti bila kuupanda: fimbo ya mita 1 isimamishwe juani, kivuli chake kipimwe, kisha kivuli cha mti. Kama kivuli cha fimbo ni sentimeta 80 na cha mti ni mita 12, mti una mita 15. Hesabu ya uwiano ambayo ubaoni huwatoa watoto machozi, hapo wanaigombania. Darasa la kwanza wanaweza kukusanya majani na kuyapanga kwa umbo, kwa ukubwa, kwa harufu. Huo ndio mwanzo wa kuhesabu na wa kuandika. Darasa la nne wahesabu mimea inayoota chini ya mikaratusi ndani ya mraba wa kamba wa mita 1, kisha wahesabu chini ya mti wa asili wa eneo lao. Watakuta tofauti, na watauliza kwa nini. Hatuuchukii mkaratusi, umejenga makanisa yetu na unakua haraka kuliko mti mwingine wowote tulio nao. Lakini watoto wana haki ya kujua kwamba ni mnywaji mkubwa wa maji na kwamba haufai kupandwa juu ya chemchemi, jambo ambalo baadhi ya kamati zetu za maendeleo bado hazijalijua.

Ndugu wengine watauliza kama hii ni kazi ya kanisa. Sulemani, katika 1 Wafalme 4, anasifiwa kwa hekima, na sehemu ya hekima hiyo ilikuwa kunena habari za miti, kuanzia mkubwa wa Lebanoni mpaka ule mdogo unaoota ukutani. Bwana wetu katika Matayo 6 aliwatuma wasikilizaji wake kutazama ndege na maua ya shambani, na alikuwa akifundisha nje. Tunaishia hapo, wahubiri watamaliza wenyewe.

Ugumu ni halisi na hatutaki kuuficha. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yetu yamefurika. Mwalimu mmoja mwenye watoto sabini hawezi kuwatoa wote kwa mara moja na kuwarudisha wote. Tulichoona kinafanya kazi ni kugawa: nusu wanabaki na zoezi la kuandika chini ya uangalizi wa mwalimu jirani au wa direkta, nusu wanatoka, na juma linalofuata wanabadilishana. Mzazi mmoja au wawili waende pamoja nao. Watoto wawekwe wawiliwawili, kila mmoja akijua mwenzake ni nani. Mipaka iwekwe kwa kamba au kwa mawe yaliyopakwa chokaa, na shule ionekane kutoka kila pembe ya eneo hilo. Kama shule haionekani, ni mbali mno.

Radi tuitaje peke yake. Kabare, kulingana na vipimo vya satelaiti vilivyochapishwa mwaka 2016, ni ya pili duniani kwa kupigwa na radi, nyuma tu ya ziwa Maracaibo huko Venezuela. Kila mwaka tunazika watu kwa sababu hiyo, na bado kuna vijiji ambako jirani anashutumiwa uchawi kwa ajili ya wingu. Sheria iwe moja bila ubishi: ngurumo ya kwanza ikisikika, hata ya mbali, somo limekwisha, wote wanarudi ndani. Katika majira ya mvua somo la miti liwe asubuhi, maana mawingu yetu hupenda mchana. Na watoto wafundishwe kwamba mti ni kimbilio la jua, si la radi.

Mahali palipopiganwa, hasa pembeni ya Goma, Sake, na njia za kuelekea Masisi na Rutshuru, yako mabomu ambayo hayakulipuka. Hapo hakuna somo la nje mpaka wenye kazi ya kuyatafuta wamepita na kusema pako salama. Hata pengine pote, kanuni ya kutogusa chuma kisichojulikana iwe somo la kwanza kabisa, kabla ya jani lolote.

Kisha kuna hofu iliyomo ndani ya mtoto, ambayo kamba haiizuii. Katika shule moja ya makanisa yetu, mwalimu wa darasa la nne aliwapeleka wanafunzi wake kwenye miti iliyo kama mita mia moja kutoka darasani. Msichana mmoja alifika mpaka pale kivuli kinapoanzia, akasimama. Hakulia, hakusema kitu. Mwalimu hakumvuta na hakumwuliza. Alimpa daftari, akamwambia aandike majina ya wanaoingia na wanaotoka, akiwa palepale juani. Juma lililofuata ikawa vilevile. Juma la tatu mtoto mmoja alichelewa kutoka, na mwenye orodha akaingia kumtafuta. Hatujui alichokipitia msichana huyo na hatukutaka kumwuliza. Tunachowaomba walimu ni hicho tu: asilazimishwe mtoto, asiulizwe habari za kukimbia mbele ya wenzake, na apewe kazi ya heshima mahali alipofika.

Jambo moja linatutia aibu kulisema. Katika shule zetu nyingi tayari kuna saa ya nje, nayo inaitwa kazi za mikono, au kwa jina tulilorithi, salongo. Sote tumeipitia. Mara nyingine ni kufagia kiwanja, na hakuna ubaya. Mara nyingine ni kulima shamba la mwalimu, kubeba mawe ya ujenzi, kuleta kila mtu kipande cha kuni kwa ajili ya jiko la mkubwa fulani. Mtoto aliyechelewa anaadhibiwa kwa kutumwa huko. Kwa hiyo mwalimu atakaposema "leo tunakwenda kwenye miti", watoto watasikia "leo tumekosa". Kama somo la miti litageuka kuwa njia mpya ya kupata kuni za bure, tungeomba lisianze kabisa.

Nani afundishe? Mwalimu mwenyewe, ndiyo, lakini si peke yake. Tunao kati yetu watu waliosoma msitu kuliko wote, na tumewaweka nyuma ya wote: ndugu zetu Wambuti na Wabatwa. Familia za Wabatwa ziliondolewa katika msitu wa Kahuzi-Biega katika miaka ya 1970 bila mahali pa kwenda. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu uliosema kwamba nchi yetu ilivunja haki zao. Uamuzi ni jambo la wanasheria. Lakini ndani ya parokia zetu, mzee Mmbuti akija kanisani anakaa wapi? Watoto wake wako darasa la ngapi? Mzee huyo akialikwa shuleni siku moja kwa mwezi, awaonyeshe watoto jinsi ya kusoma nyayo, awaambie majina ya nyuki, kisha alipwe kama mgeni mwingine yeyote anayefundisha, watoto wa wengine watajifunza miti, na watoto wake watajifunza kitu kingine juu ya baba yao. Kwa upande wetu, tunaona hilo la pili ni kubwa zaidi.

Sasa tufike kwenye ardhi, kwa sababu bila ardhi tunapiga hadithi.

Anayejua vituo vya zamani vya misheni, kama Katwa, Rethy, Lemera au Kaziba, anajua kwamba kanisa, shule na hospitali viliwekwa pamoja kwenye eneo moja pana. Mahali pengi katika maeneo kama hayo ilipandwa miti kwa ajili ya mbao, madawati na kuni. Jumuiya zetu zilirithi maeneo hayo. Ndiyo maana leo, katika vilima vilivyobaki vipara, mara nyingi kishamba cha miti mikubwa kinachoonekana kutoka mbali ni cha kanisa.

Na ndicho kinachouzwa. Tunajua hali zilivyo: hospitali ina madeni, kanisa jipya limefika kwenye lenta na saruji imekwisha, mchungaji hajapata posho miezi mingi, na mtu wa mjini anakuja na dola mkononi akitaka parseli nne tu pale nyuma ya shule. Kamati inakaa, inaomba, inauza. Mwaka unaofuata ni parseli sita. Pengine hakuna aliyeuza. Jirani amesogeza ua wake kila msimu, au mtawala wa kimila anadai kwamba babu yake aliazima tu. Na katika miaka hii ya vita, waliokimbia walipewa hifadhi kwenye maeneo yetu, wakakata miti wapate kupika. Nani kati yetu angesimama mbele ya mama mwenye watoto watano na kumwambia asiwashe moto? Miti iliyoondoka kwa njia hiyo hatuilalamikii. Tunalalamikia ile iliyoondoka kwa muhuri na sahihi.

Wasomaji wengi hawajui kwamba sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni wa serikali, na kwamba konsesyo ya kudumu hupewa Mkongomani kama mtu binafsi. Jumuiya, hata ya Kristo, haipati ya kudumu. Inapata konsesyo ya muda, kwa kawaida miaka 25, yenye kufanywa upya, na yenye sharti la kuendelezwa. Hati iliyoandikwa wakati wa baba zetu na ikaachwa kabatini inaweza kuwa imekwisha muda wake zamani. Eneo ambalo halina hati hai, halina mpaka na halionekani kutumika, siku moja litaitwa ardhi tupu, na mtu atakuja na hati nyingine. Ndipo tutaona kwamba kitalu cha miche, mawe yenye chokaa, na darasa la watoto linalofika pale kila Jumatano ni ushahidi kwamba mahali hapo si patupu. Havitoshi mbele ya mahakama bila karatasi. Lakini karatasi bila watu pia hatujaiona ikishinda mara nyingi.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili kwa wenye mamlaka. Wawakilishi wa Kisheria na ofisi zao wazitoe hati za maeneo ya shule kabatini, wasome tarehe, waanze kazi ya kuzifanya upya pale ambapo ofisi za ardhi zinafanya kazi. Na waratibu wa shule zetu za Kiprotestanti wakatae kabisa, kwa maandishi, kuuzwa kwa kipande chochote cha kiwanja cha shule kabla wazazi hawajaketi na kusikilizwa. Tunajua kwamba chini ya tawala mbili zinazogombania jimbo moja, kila muhuri una swali lake. Ndiyo sababu ya kuweka nakala zaidi ya moja, na zaidi ya mji mmoja.

Tarehe 5 Desemba ni siku ya kitaifa ya mti katika nchi yetu. Tunaijua jinsi inavyokwenda. Wakubwa wanakuja, kuna hotuba, kuna mashimo yaliyochimbwa tayari na miche iliyopangwa kwa mstari, kila mkubwa anapiga picha na wake. Kiangazi kinapofika, Juni, mbuzi wamemaliza. Serikali ilikuwa hata na mpango wa bustani za shule, wa miti bilioni 1 kufikia mwaka 2023. Kila msomaji anaweza kutoka nje na kuhesabu sehemu ya shule yake.

Mwaka huu tungependa shule zetu zipande michache. Mche mmoja kwa kila darasa, basi: parachichi, grevilea, au mti wa asili ambao wazee wa mahali wanaujua jina. Darasa liuwekee uzio wa matete, liupime kila mwezi kwa fimbo ileile, liandike urefu wake kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Watoto wakihamia darasa lingine, wahame na mti wao. Mnamo Julai, kabla ya likizo, maderekta watutumie hesabu: ilipandwa mingapi, imebaki mingapi, na iliyokufa iliuawa na nini. Tutazichapisha zote, hata za shule ambayo mti wake uliliwa na mbuzi wa mchungaji.